Harry Benjamin

Harry Benjamin (Berlin, Ujerumani, 12 Januari 1885 - New York, Marekani, 24 Agosti 1986) alikuwa daktari na mtaalamu wa homoni. Anajulikana hasa kama mmoja wa madaktari wa kwanza nchini Marekani waliokubali kuwatibu watu ambao hawakujiona kuwa wa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, na waliowatetea ili wapate upasuaji.

Mwaka 1979 chama kilichobeba jina lake kilitoa mwongozo wa kwanza wa kimataifa wa matibabu hayo. Mwongozo huo uliwapa madaktari ujasiri wa kutibu, lakini pia uliweka masharti ya nani atibiwe na nani arudishwe nyumbani. Jambo hilo linaonekana wazi kwa matowashi, yaani wanaume waliohasiwa au wanaotaka kuhasiwa, ambao hawakupewa sura yao katika mwongozo hadi mwaka 2022.

Maisha ya awali

Benjamin alizaliwa Berlin katika familia ya watu wenye uwezo. Baba yake, Julius, alikuwa na asili ya Kiyahudi, ila mtoto alilelewa katika Ukristo wa Kilutheri. Alisoma udaktari na kupata shahada yake mwaka 1912 katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Utafiti wake wa shahada ulihusu kifua kikuu, si mambo ya jinsia.

Akiwa kijana Berlin alifahamiana na Magnus Hirschfeld, daktari aliyekuwa akipinga sheria za Ujerumani zilizowaadhibu mashoga. Mwaka 1919 Hirschfeld alifungua mjini humo Taasisi ya Sayansi ya Jinsia, ambayo ilikuja kuwa kituo cha kwanza cha aina yake duniani.

Safari ya Marekani

Mwaka 1913 Benjamin alikwenda New York kufanya kazi na daktari Mjerumani aliyedai kwamba amegundua dawa ya kifua kikuu. Dawa hiyo haikuwa na uwezo iliosemekana kuwa nao, na Benjamin aliachana naye. Mwaka 1914 alipanda meli ili arudi kwao, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vilianza meli ikiwa baharini. Kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui wa Uingereza, angeweza kuzuiliwa na Waingereza, basi akarudi New York. Mwaka uliofuata alifungua kliniki yake mjini humo. Mwaka 1925 alimwoa Gretchen, aliyeishi naye hadi mwisho wa maisha yake.

Tangu miaka ya 1930 alikuwa akihamia San Francisco kila majira ya joto na kupokea wagonjwa huko. Desturi hiyo ilimpa wagonjwa katika pande zote mbili za Marekani.

Elimu ya homoni

Mambo mengi yanayojulikana leo kuhusu homoni za jinsia yalianza kwa kuhasi wanyama. Mwaka 1849 Arnold Berthold, mtaalamu wa Göttingen, alihasi majogoo wachanga. Vilemba vyao vilibaki vidogo na hawakuwika wala kupigana kama majogoo wengine. Alipopandikiza korodani ndani ya matumbo ya baadhi yao, walikua kama kawaida. Ilionekana kwamba korodani hutoa kitu kinachosafiri katika damu na kuubadilisha mwili wote.

Eugen Steinach wa Vienna aliendeleza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Alihasi panya na simbilisi wa kiume, kisha akawapandikizia ovari. Wanyama hao waliota chuchu na wengine walinyonyesha watoto. Kwa Benjamin hili lilikuwa fundisho kubwa: tofauti ya kiume na kike mwilini si ukuta usiopitika, bali hutegemea kwa sehemu kubwa kazi ya homoni.

Miaka ya 1920 Benjamin alikwenda Ulaya mara kwa mara kujifunza kwa Steinach na kumtembelea Hirschfeld. Alileta Marekani njia ya Steinach ya kuwarudishia wazee nguvu za ujana, ambayo kwa wanaume ilikuwa kufunga mrija wa mbegu. Mwandishi Gertrude Atherton alitibiwa na Benjamin, na riwaya yake Black Oxen ya mwaka 1923 ilitokana na matibabu hayo. Baadaye ilijulikana kwamba njia hiyo hairudishi ujana, lakini ilimfanya Benjamin kuwa mmoja wa madaktari wachache wa Marekani waliozoea kazi ya homoni.

Wakati huohuo, katika taasisi ya Hirschfeld, Dora Richter alihasiwa mwaka 1922 kwa hiari yake na mwaka 1931 akatengenezewa uke. Ni miongoni mwa watu wa kwanza wanaojulikana kupata upasuaji huo. Tarehe 6 Mei 1933 wafuasi wa chama cha Nazi waliivamia taasisi hiyo, na siku chache baadaye vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Hirschfeld alifariki uhamishoni Ufaransa mwaka 1935. Ujuzi mwingi uliokusanywa Berlin ulipotea, na Benjamin alikuwa mmoja wa wachache waliobaki nao.

Mgonjwa wa San Francisco

Mwaka 1948 mtafiti Alfred Kinsey alikutana na kijana aliyezaliwa mwanamume ambaye alitaka kuwa mwanamke, na mama yake alikuwa akimwunga mkono. Kinsey hakuwahi kuona jambo kama hilo, hivyo alimpeleka kwa Benjamin. Madaktari wengine walioulizwa hawakuafikiana kuhusu la kufanya. Benjamin alimpa homoni za kike, na kijana akapata nafuu ya moyo.

Upasuaji ulikuwa tatizo jingine. Mwanasheria wa serikali huko California aliona kwamba daktari atakayeondoa korodani zisizo na ugonjwa anaweza kushtakiwa kwa kosa la kumlemaza mtu. Kosa hilo lilitoka katika sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo ilikataza kumkata mtu kiungo kinachomwezesha kupigana vitani. Kumhasi mwanamume kulihesabiwa humo, kwa sababu mfalme angepoteza askari. Sheria ya Jinai ya India iliyotungwa na Waingereza mwaka 1860 nayo iliweka kuhasi kuwa la kwanza katika orodha ya madhara makubwa ya mwili. Kijana huyo hatimaye alilazimika kutafuta upasuaji Ulaya.

Ajabu ni kwamba upasuaji wenyewe haukuwa mgeni katika hospitali za Marekani. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kuondoa korodani hupunguza nguvu ya saratani ya tezi dume, na baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mzee mwenye saratani aliweza kuhasiwa bila mahakama kuuliza lolote, huku mtu aliyeomba upasuaji uleule kwa sababu ya mateso ya nafsi akikataliwa. Kilichotenganisha wawili hao kilikuwa sababu iliyoandikwa kwenye faili, kwa kuwa mkono wa daktari ulifanya kazi ileile.

Christine Jorgensen

Desemba 1952 magazeti ya Marekani yalitangaza habari za Christine Jorgensen, aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani na ambaye alibadili jinsia nchini Denmark. Sheria ya Denmark iliruhusu kuhasiwa kwa mtu anayeteseka kwa sababu ya hali yake ya kijinsia, mradi serikali ikubali. Jorgensen alipata kibali na kuhasiwa mwaka 1951 chini ya uangalizi wa Christian Hamburger, mtaalamu wa homoni. Baada ya habari hizo kuenea, maombi kutoka nchi nyingi yalimiminika, na Denmark ikawafungia wageni mlango.

Jorgensen aliporudi New York mwaka 1953 alikuwa mgonjwa na rafiki wa Benjamin. Barua nyingi alizoandikiwa na watu waliotaka msaada alizielekeza kwake. Daktari huyo, aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 70, alianza hapo kazi iliyompa jina.

Benjamin alisema na kuandika kwamba mazungumzo na daktari wa akili hayabadilishi namna watu hao wanavyojitambua. Kama nafsi haiwezi kulinganishwa na mwili, aliona ni busara kujaribu kuulinganisha mwili na nafsi. Maoni hayo yalipingwa vikali na madaktari wengi wa akili, walioona kuwa kumpasua mgonjwa wa namna hiyo ni kuufuata ugonjwa wake badala ya kuutibu.

Benjamin hakuwa mpasuaji. Aliwapa wagonjwa homoni, mara nyingi kwa malipo madogo au bila malipo, na kuwatafutia wapasuaji. Miongoni mwa waliokubali alikuwa Elmer Belt wa Los Angeles, ambaye aliifanya kazi hiyo kimyakimya na mwishowe akaiacha. Wagonjwa wengi walisafiri hadi Casablanca nchini Moroko, ambako Georges Burou alifanya upasuaji huo tangu mwaka 1956. Mwandishi Jan Morris wa Wales, aliyewahi kumwona Benjamin, alipasuliwa huko mwaka 1972. Wasiokuwa na nauli walibaki na njia mbaya zaidi: baadhi yao walijikata wenyewe.

Kitabu cha mwaka 1966

Mwaka 1966 Benjamin alitoa kitabu The Transsexual Phenomenon. Kilieleza hali za wagonjwa wake, kazi ya homoni, sheria na matokeo ya upasuaji. Katika wagonjwa 51 waliozaliwa wanaume na kupasuliwa, aliona kuwa wengi wao walikuwa na maisha bora kuliko awali. Mwaka huohuo Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore ilifungua kliniki ya jinsia, na vyuo vikuu vingine vya Marekani vikafuata. Sehemu ya fedha za utafiti ilitoka kwa Reed Erickson, tajiri aliyekuwa mwenyewe amebadili jinsia na kutibiwa na Benjamin.

Kitabu hicho kilikuwa na jedwali lililowapanga watu katika hatua kuanzia mwanamume wa kawaida hadi mtu mwenye hamu kubwa kabisa ya kuwa mwanamke. Jedwali liliwasaidia madaktari waliokuwa hawajui pa kuanzia. Lakini lilikuwa kama ngazi yenye ncha mbili tu. Mtu aliyetaka kuacha uanaume bila kutaka kuwa mwanamke hakuwa na daraja lake.

Benjamin mwenyewe alichagua nani wa kumpendekeza. Aliangalia, pamoja na mengine, kama mgonjwa angeweza kukubalika mbele ya watu katika jinsia mpya. Kliniki za vyuo vikuu zilikuwa kali zaidi na zilikubali wachache sana kati ya walioomba. Baada ya muda wataalamu waligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekisoma kitabu cha Benjamin na walisimulia maisha yao kwa kufuata yaliyoandikwa humo. Walijua kwamba masimulizi yasiyolingana na kitabu yangewafungia mlango. Hivyo kipimo kilianza kuzalisha majibu yaliyokitosheleza, na wasiofanana nacho hawakuonekana katika utafiti.

Mwongozo wa 1979

Mwaka 1979, Benjamin akiwa na umri wa miaka 94 na ameshastaafu, wataalamu waliunda chama cha kimataifa na kukipa jina lake. Rais wake wa kwanza alikuwa Paul Walker. Mwaka huohuo chama kilitoa Viwango vya Huduma, mwongozo unaoeleza nani anafaa kupewa homoni na upasuaji, na baada ya hatua zipi. Benjamin hakuuandika, lakini ulitokana na kazi aliyoianzisha.

Mwongozo wa kwanza ulidai kwamba mgonjwa awe ameishi mwaka mzima katika jinsia anayoitaka kabla ya upasuaji wa viungo vya uzazi, na awe na barua za wataalamu wawili wa tabia na akili. Masharti haya yalikuwa na sababu zake. Upasuaji haurudishiki nyuma, na palikuwa na wapasuaji waliojali fedha tu. Aidha, daktari aliyefuata mwongozo alikuwa na cha kuonyesha akishtakiwa. Mwaka huohuo Johns Hopkins iliacha upasuaji huo, baada ya utafiti wa ndani kudai kwamba hauwapi wagonjwa faida ya wazi katika jamii. Bila mwongozo, huenda hospitali nyingine nyingi zingefuata mfano huo.

Kwa upande wa pili, masharti yaligeuka kuwa gharama. Barua zilihitaji ada, na wataalamu walipatikana katika miji mikubwa tu. Mwaka wa kuishi katika jinsia mpya ungeweza kumpotezea mtu kazi na nyumba kabla hajapata matibabu. Mwongozo ulirekebishwa mara kadhaa, na kila toleo lilipunguza baadhi ya vikwazo. Tangu miaka ya 2000 chama kinajulikana kwa kifupi WPATH, bila jina la Benjamin.

Matowashi

Katika Kiswahili neno towashi linajulikana kupitia Biblia, hasa habari ya towashi Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Matowashi walihudumu katika majumba ya wafalme wa China, Bizanti na Dola la Osmani. Wengi wao walihasiwa wakiwa watoto au watumwa, bila kuulizwa. Hao ni tofauti na watu wanaozungumziwa na madaktari wa leo, ambao ni watu wazima wanaoomba wenyewe kuondolewa korodani, au kuzuiwa kazi yake kwa dawa, kwa kuwa uanaume wa mwili wao unawatesa.

Kwa miongo mingi watu hao walikuwa nje ya kila utaratibu. Sharti la kuishi katika jinsia mpya halikuwafaa, kwa sababu hawakuwa na jinsia mpya ya kuingia. Sharti la kutumia homoni za kike kwa mwaka mmoja kabla ya upasuaji liliwataka wapate matiti ambayo baadhi yao hawakuyataka. Mwenye kusema ukweli alikosa barua, na mwenye kusema uongo aliandikwa kuwa anataka kuwa mwanamke. Waliokosa hospitali walijihasi wenyewe, walinunua dawa bila ushauri, au walikwenda kwa wahasi wasio madaktari. Hatari zake ni kuvuja damu, maambukizi na hata kifo. Baada ya kuhasiwa pia, mtu asiyepata homoni yoyote mbadala hupungukiwa nguvu ya mifupa, kwa hiyo anahitaji kufuatiliwa na daktari kwa miaka.

Toleo la nane la Viwango vya Huduma, lililotolewa mwaka 2022, lina sura 18, na sura ya 9 inahusu matowashi. Inawashauri madaktari wafikirie dawa, upasuaji au vyote viwili pale ambapo kumnyima mtu huduma kunaweza kumsukuma kujidhuru kwa njia hizo. Toleo hilo pia linakubali barua moja kwa mtu mzima, na halimlazimishi kutumia homoni kabla ya kuhasiwa ikiwa hazitaki au hazimfai kiafya.

Sura hiyo ilizua ubishi mkubwa. Wapinzani wanasema kwamba utafiti juu ya matowashi wa leo ni mdogo, na kwamba daktari hapaswi kuondoa kiungo kizima kwa sababu ya matakwa. Watetezi wanajibu kwamba utafiti ni mdogo kwa sehemu kwa sababu watu hao hawakupokelewa kliniki, na kwamba kumkataa mtu hakuzuii kuhasiwa bali huhamisha kisu kutoka hospitali hadi nyumbani. Mwongozo si sheria: hospitali, kampuni za bima na serikali zinaweza kuukubali wote, sehemu yake au kuukataa. Kwa hiyo kuandikwa ndani yake ni hatua moja, na kupata mpasuaji na fedha za kumlipa ni hatua nyingine.

Kifo na urithi

Benjamin alifariki New York tarehe 24 Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 101. Mabaki ya kumbukumbu zake, pamoja na barua za wagonjwa, yanatunzwa katika Taasisi ya Kinsey ya Chuo Kikuu cha Indiana.

Anasifiwa kwa kuwasikiliza watu ambao madaktari wenzake waliwafukuza au kuwapeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Analaumiwa kwa kuweka mfano mmoja wa mgonjwa wa kweli, uliowaacha nje wengi wasiofanana nao. Pande zote mbili za kazi yake zinaendelea kuonekana katika kila toleo jipya la mwongozo, ambapo wataalamu hujadili upya ni ushahidi gani unatosha, ni hatari gani ikubaliwe, na nani mwenye haki ya kuamua juu ya mwili wa mtu mzima mwenye akili timamu.